Mdomo Wake, Nyundo Yangu

Naomba nianze na mkasi, maana ugomvi ulianzia hapo. Mtu yeyote anayeshona anajua kwamba mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine. Haukati karatasi, haukati kamba, haukati kucha za mtu. Wangu nimeufunga utepe mwekundu mpinini ili hata mgeni ajue una mwenyewe. Sasa asubuhi moja nafika karakana, naushika nikate kitambaa cha kochi, unagoma. Meno yamegandamana. Nausogeza puani, unanuka mnanaa.

"Shemeji," nikaita, "umekata nini na mkasi wangu?"

Alikuwa ameinama nyuma ya fremu, amejitia hamnazo. "Kitu kidogo tu."

"Kitu gani?"

"Chingamu."

Nilikaa kwanza. Mimi nikikasirika huwa nakaa, maana nikisimama naweza kusema maneno ambayo baadaye yatanidai.

Shemeji yangu huyu ni mume wa dada yangu mkubwa. Ni fundi wa makochi, na mtaa mzima humwita Springi kwa sababu hatulii mahali. Yeye mbao, mikanda, sponji na misumari; mimi nashona vitambaa pale dirishani. Tumekuwa tukigawana chumba hicho tangu nilipofiwa na mume wangu. Watu wengine walikuja na pole zao wakakaa, wakaondoka. Yeye alikuja na cherehani begani, akakitua dirishani kwake, akasema hapa pana mwanga mzuri. Kwa hiyo nikimsema humu, mjue namsema mtu wangu.

Zamani alivuta sigara, na si kwa kuonja. Kochi likitoka kwetu jipya lilifika kwa mwenyewe linanuka kama limeshakaliwa na wajomba kumi. Dada alilia, alibembeleza, alinuna, wapi. Aliyemweza ni mama mmoja wa duka la dawa, aliyempa chingamu za nikotini na kumwelekeza: tafuna kidogo, ukihisi inawasha iegeshe shavuni, ikipoa tafuna tena. Tumia miezi michache, kisha upunguze mpaka uache. Shemeji akaacha sigara kweli. Tulimpongeza, Dada akamnunulia shati.

Ile sehemu ya pili ya maelekezo, ya kupunguza mpaka kuacha, hakuisikia au hakutaka kuisikia. Miezi ikawa miaka. Shavu lake la kushoto likawa limetuna siku zote, hata wateja wapya walikuwa wakimpa pole ya jino. Alikuwa anapokea hizo pole na kushukuru, mtu mzima bila haya.

Tusingesema kitu kama si bega. Siku hiyo walikuwa wanapandisha kochi kwenye ngazi nyembamba ya jengo moja, yeye na mwenye kochi. Mwenye kochi akaachia upande wake apokee simu, uzito wote ukamwangukia Shemeji kwenye bega la kulia. Kitu kikalia ndani, anasema, kama kitambaa kinachochanwa. Tangu hapo mkono wa nyundo haukuweza kupanda hata kufikisha kichana kichwani. Dada ndiye aliyekuwa anamchana, na kwa vile ana kipara, kazi yenyewe ilikuwa ya heshima tu.

Daktari wa mifupa alitazama picha, akasema kano ya bega imekatika, atamfanyia upasuaji aishone. Dada na mimi tulikuwa tumebanana pembeni kwenye kochi la ngozi bandia ambalo Shemeji alikuwa ameshaligeuza chini juu kulikagua kabla hatujaketi.

"Sigara unavuta?" daktari akauliza.

"Niliacha zamani," Shemeji akasema, kifua mbele.

"Vizuri sana. Na hicho unachotafuna?"

Taya likasimama. Shemeji akatutazama sisi, akamtazama daktari. "Hii ndiyo iliyoniachisha."

"Nikotini ni nikotini, mzee wangu, iwe moshi, iwe chingamu. Inabana mishipa midogo ya damu, na nikishona kano isiyopata damu ya kutosha, haitashika. Kabla ya upasuaji sitaki hata chembe. Tutakupima mkojo. Ikionekana, naahirisha."

"Ukiahirisha si ninasubiri zamu nyingine?"

"Wewe utasubiri, kano haitasubiri. Iliyokatika inazidi kujivuta ndani. Ikijivuta sana, hata mimi nikitaka, haitafika kwenye mfupa."

Hilo alilielewa upesi kuliko sisi. Kitambaa kikikatwa kifupi, uvute, utokwe jasho, utukane, hakifiki kwenye mbao. Tulipofika mlangoni pa karakana akasema tu, "Basi nitakuwa mtu wa kukaa hapa na kuwaambia wateja karibuni." Dada akamwambia aache kujitabiria mabaya, lakini nilimwona akifuta macho kwa kiganja.

Ndipo chingamu zikaanza kukatwa nusu, na mkasi wangu ukaharibika. Niliusafisha kwa mafuta ya taa na maneno makali. Nikampa kisu cha sponji, nikamwambia akate nusu, akate robo, akate vumbi, lakini utepe mwekundu asiuguse.

Akakata. Nusu zikampa kwikwi, robo zikampa kisirani. Sijapata kuona mtu akigombana na springi, lakini yeye aligombana nazo, tena kwa kuzitaja moja moja na mama zao. Mteja akija kuuliza kochi lake limefikia wapi, anajibiwa, "Limefikia hapo unapoliona." Nyumbani Dada akawa anapika huku anaimba kwa nguvu ili asisikie manung'uniko. Tukimwuliza leo umetafuna ngapi, anasema chache. Chache gani, hasemi. Nikafagia chini ya benchi lake nikakuta robo nyingi kuliko nilivyotarajia, nikajua huyu anatupiga chenga. Robo nne ni nzima, hata mimi niliyeishia shule ya msingi najua.

Halafu kazi ikatulemea. Makochi yalijaa mpaka kwenye korido, na fundi ana mkono mmoja. Nikapendekeza bunduki ya pini, ile inayopigilia kitambaa kwenye mbao kwa kubonyeza tu. Tunayo, iko kwenye droo. Aliinunua zamani, akaijaribu siku moja, akasema inapiga kelele kuliko kazi inayofanya. Nilipoitaja tena akanitazama kana kwamba nimesema tuuze karakana.

"Basi nipe nyundo," nikasema.

"Nyundo?"

"Unafikiri nitaimeza?"

Sasa lazima nieleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Fundi wa makochi wa namna yake haweki misumari mfukoni, anaiweka mdomoni. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa kikazane, wa kulia una nyundo, kwa hiyo mdomo ndio mkono wa tatu. Anajaza misumari midogo ya kichwa bapa, ulimi unaigeuza mmoja mmoja, kichwa kinatokeza katikati ya midomo, nyundo yenye sumaku inaudaka na kuupigilia. Shemeji alikuwa akifanya hivyo upesi mpaka ungedhani ni mashine. Mdomo ukiisha misumari, anarudisha chingamu. Na wakati wa misumari chingamu yenyewe aliibandika wapi? Chini ya fremu ya kochi la mtu, kwa nia ya kuirudia. Mara nyingi alisahau, tunafunga kitambaa cheusi cha chini, kochi linaenda zake na chingamu tumboni.

Mimi kuweka misumari mdomoni nilikataa kabisa. Nina meno ya kuhesabika na nayapenda. Nikaipanga kwenye kibao, lakini kila nikiutafuta mmoja kitambaa kinalegea. Nikavuta, nikatafuta, nikavuta, nikatukana. Shemeji alivumilia kidogo, halafu akatema chingamu, akajaza misumari mdomoni mwake, akanisogezea uso. Msumari umetokeza midomoni, kichwa mbele.

Nilielewa anachotaka, nikacheka mpaka nikalazimika kuegemea ukuta. Yeye hakucheka, alikuwa na misumari. Nikajikaza, nikapeleka nyundo polepole mpaka sumaku ikaudaka. Nikapigilia. Nikageuka, mwingine tayari.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa fundi mmoja, yeye mdomo na mimi mkono. Kwa mkono wake mzima alivuta kitambaa upande wake, mimi wangu, nyundo inakwenda usoni kwake na kurudi. Mteja mmoja aliingia, akatukuta, akaomba radhi na kutoka.

Kwa vile hakuweza kusema, akaamrisha kwa nyusi. Nyusi mbili juu: piga. Unyusi mmoja chini: ngoja, usipige. Macho kufumba: umeharibu, ng'oa. Siku za mwanzo alifumba macho mpaka nikafikiri anasinzia. Nilikuwa mzito, sifichi. Misumari aliyokuwa akiimaliza yeye kwa kupepesa jicho mimi nilijikokota nayo mpaka chai ikapoa. Na muda wote huo mdomo wa mwenzangu umejaa chuma. Hatafuni. Hawezi hata kunung'unika.

Hatukupanga hivyo, wala asije daktari yeyote kunipongeza. Uzembe wangu ndio uliokuwa dawa. Robo zikaanza kubaki kwenye kisahani zikikauka. Jioni moja alizitazama, akachukua kisahani na boksi zima lililosalia, akamwaga vyote kwenye pipa la taka la nje, na gari la taka likapita tukiwa tunaliangalia. Alipunga mkono. Dada aliposikia akaninunulia mimi viatu.

Tatizo ni kwamba akahamia kwenye misumari. Nyumbani anaangalia taarifa ya habari na misumari miwili shavuni. Mkwe wake alipiga simu, ikabidi Dada aseme baba anaoga. Dada akaokota mmoja kwenye foronya, akaja kunililia.

"Huyu mtu ataumeza, mdogo wangu. Tumeokoka na moshi, tutakufa na chuma?"

"Muache kwanza apimwe," nikamwambia. "Chuma hakionekani kwenye mkojo."

Wiki ya kipimo ilipofika tulikuwa tunahesabu saa. Asubuhi moja hospitali ikapiga simu kumkumbusha siku yake. Alivyokata simu akapapasa mfuko wa shati, ulikuwa mtupu. Bega lilikuwa limemuuma usiku kucha na macho yalikuwa mekundu. Siku hiyohiyo mama mwenye saluni akatuletea kochi lake la wateja, kiti kimebonyea. Sisi ndio tuliolitengeneza miaka ya nyuma. Tukalipindua, nikachana kitambaa cheusi cha chini.

Zilikuwa zimejipanga pale kwenye mbao, moja baada ya nyingine, za kijivu, kila moja na alama ya kidole gumba chake. Na harufu ya mnanaa, baada ya miaka yote hiyo, bado ilikuwepo, hafifu, lakini ipo.

Shemeji akapiga magoti. Niliona koo lake likimeza mate.

"Usithubutu," nikasema.

"Naangalia tu."

"Angalia ukiwa umesimama."

Akaibandua moja kwa ukucha, akaishika kiganjani. "Hii imekauka, shemeji. Haina kitu tena hii."

"Kama haina kitu, unaitakia nini?"

Alikuwa akiiangalia kama mtu anayeangalia picha ya marehemu. Halafu akasema, taratibu, bila kunitazama, "Mimi sijui kusubiri. Nilipokuwa na sigara nilisubiri na sigara. Nilipokuwa na hii nilisubiri na hii. Sasa nasubiri kuambiwa kama nina mkono au sina, na sina kitu cha kusubiria."

Niliogopa. Niliona kabisa mkono ule ukibaki unaning'inia maisha, kwa ajili ya kitu kikavu kisichofika hata nusu ya punje ya hindi. Nikatamani kumpiga kofi, na nikatamani kumkumbatia, na shemeji yako huwezi kumfanyia vyote viwili kwa pamoja.

Nikachukua kopo la misumari, nikaliweka kwenye goti lake. Nikashika nyundo, nikaisogeza mpaka mbele ya midomo yake, nikaiacha hapo.

"Nina kazi," nikasema. "Mama wa saluni anakuja kesho. Nipe msumari."

Alikaa hivyohivyo. Nyundo ile si nyepesi, na mkono wangu ukaanza kuuma, lakini sikuishusha. Ningeshusha ningekuwa nimemwachia. Nikasikia saa ya ukutani, nikasikia mtu anapita nje akisukuma toroli, na nyundo bado iko hewani.

Akaitupa ile chingamu chini. Akachota misumari, akajaza mdomo mpaka mashavu yote mawili yakatuna, akanisogezea uso. Macho yalikuwa yamelowa. Nikaudaka wa kwanza. Zile zilizobaki kwenye mbao nilizikwangua mwenyewe kwa patasi, nikazichoma nyuma ya nyumba, na moshi wake ulinuka vibaya sana.

Siku ya kipimo, ambayo majibu yakiwa safi ndiyo pia ya upasuaji, Dada alivaa kama anakwenda harusini. Tulikaa kwenye korido tukimsubiri nesi arudi na majibu, na alipotoka alikuwa na uso usiosema lolote, hizi nyuso wanazofundishwa. Akaangalia karatasi, akaangalia jina.

"Safi," akasema. "Twende ukabadilishe nguo."

Dada akanishika mkono akaminya mpaka pete ikaniingia nyamani. Shemeji alisimama wima na kumfuata nesi, mdomo ameufumba, hakuaga. Tulifikiri ni woga. Kwenye pazia nesi akamwuliza kama ana meno ya bandia au kitu chochote mdomoni. Halafu tukasikia kibakuli cha bati kikilia, tin, na tena, tin.

"Baba," sauti ya nesi ikasema, "hii ni misumari?"

"Ya kusubiria," Shemeji akajibu.

Nesi akatoka na kibakuli, akatutazama sisi wawili, akashindwa aanzie wapi. Dada alikuwa ameuficha uso kwenye mkoba. Nikaichukua ile misumari nikaifuta, nikaitia mfukoni.

Upasuaji ulichukua muda wake. Daktari alipotoka alikuwa anavua kofia, akatuambia kano imefika kwenye mfupa na kushonwa vizuri, ingechelewa kidogo tu isingefika. Atafungwa mkono, atafanya mazoezi, ataanza na vitu vyepesi. Nyundo atashika, lakini si kesho. Dada alilia palepale bila kujificha, na mimi nililia nikimwambia yeye aache kulia.

Walituruhusu kuingia nusu kaputi ikiwa haijamwisha. Alikuwa amelala chali, mkono umefungwa kifuani, hatujui anatusikia au la. Dada akasimama upande wa kushoto, mimi kulia. Nikamwita, "Shemeji." Macho hayakufunguka. Lakini midomo ikaanza kusogea. Ulimi ukapita ndani ya shavu ukitafuta, midomo ikakutana, ikatokeza mbele taratibu, ikatulia hapo, inangoja.

Mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe. Haukuwa na kitu, ila ulikuwa umeshafika katikati ya kitanda nilipoushtukia.

"Jamani," Dada akasema kwa sauti ndogo. "Anataka nimbusu."

Dada yangu ameolewa na mtu huyu tangu mimi ni msichana wa kusukwa mikia miwili. Hajawahi kubusiwa mbele za watu. Akatazama kama nesi yuko mbali, akaweka mkoba chini, akainama, akambusu, tena si kwa haraka. Alipoinuka alikuwa amebadilika uso, kama bibi harusi. "Umeona," akaniambia. "Hata kwenye nusu kaputi ananikumbuka mimi."

Shemeji akafungua macho. Akamwona Dada, akaona machozi yake, akajaribu kuelewa amefanya nini. Kisha akanitazama mimi na mkono wangu ulioinuka, akaelewa. Akashusha unyusi mmoja.

Nikarudisha mkono mfukoni, kwenye ile misumari miwili, nikanyamaza.